Kibao Kiko Matiri

Nimestaafu. Najua kijana wa kidato cha nne hatakiwi kustaafu, anatakiwa kusoma, lakini ukiranja wa lugha hapa shuleni kwetu una mwisho kama kazi nyingine yoyote. Walimu wakianza kusema "mitihani inanukia," unaitwa mbele mstarini, unapigiwa makofi, na mtu mwingine anasimama mahali pako. Mimi nimepigiwa makofi Ijumaa iliyopita. Aliyesimama mahali pangu ni Neema wa kidato cha pili, na hata makofi hayajaisha vizuri aliniinamia akaninong'oneza:

"Kaka, kibao kiko wapi?"

Jibu lake ni refu, na mstarini palikuwa na jua. Kwa hiyo ninaliandika hapa, kwa ajili yake na watakaomfuata, pamoja na mambo mengine ya kazi ambayo hamtafundishwa na mtu.

Nianzie mwanzo. Sikuchaguliwa kwa sababu ya akili. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu mkuu alisimama mstarini akatutangazia kwamba siku hiyo kutakuwa na "suala zima la zoezi zima la kufyeka majani." Mimi nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ya tumboni, "Na majani yenyewe ni mazima?" Mstari wote ukacheka. Nikafyeka upande wote unaotazama ziwa peke yangu, majani mazima kabisa, mpaka viganja vikatoa malengelenge. Kesho yake mwalimu wa Kiswahili akaniita ofisini, akanitazama viganja, akasema, "Wewe una masikio mabaya. Utakuwa kiranja wa lugha." Nadhani alifuata hesabu ya watu wa zamani, kwamba mwizi ukimpa ulinzi, nyumba inalala salama.

Kiranja wa Kiingereza tulikuwa naye pia, lakini yeye alikuwa analipwa heshima ya bure. Watu hawawezi kukosea lugha wasiyoisema. Kinyasa na Kimatengo havikuwa na kiranja, kila mtu alivisema kwa raha zake nyuma ya vyoo. Kazi yote ilikuwa kwenye Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tunayokutania: sisi wa pwani ya ziwa, wale walioshuka milimani, na walimu walioletwa na serikali kutoka huko kusikojulikana.

Aliyenipokea kazini alikuwa dada Happiness, kidato cha nne wakati huo, msichana mrefu mwenye macho ya hakimu. Alinikabidhi vitendea kazi viwili. Cha kwanza, kamusi isiyo na jalada iliyoanzia herufi B. Maneno ya A tulikuwa tunaaminiana. Cha pili ndicho kibao chenyewe: kipande cha ubavu wa mtumbwi uliokufa, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa juu na kupitishwa kamba ya wavu, na mbele mtu fulani wa miaka iliyopita alikichoma kwa msumari wa moto akaandika NIMETELEZA ULIMI. Kilikuwa kimeng'aa kwa jasho la shingo za watu.

Matumizi mnayajua. Mtu akisema "masaa" badala ya saa, au "hichi" badala ya hiki, anavishwa. Anakaa nacho mpaka kengele ya mwisho, kisha anashuka ziwani kuchota maji ya bustani. Ila kuna sheria moja ambayo Happiness alinikumbusha mara nyingi kuliko zote.

"Mwenye kibao hakosoi mtu. Akishakivaa, hata asikie nini, hana mdomo mpaka avuliwe."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu atataka kulipiza. Umeona wapi mfungwa anatoa hukumu?"

"Na mimi kiranja nikitereza?"

"Nikiteleza," akasema, na akanivisha. Siku yangu ya kwanza kazini nilichota maji.

Baada ya Happiness kuondoka nilibaki peke yangu, na hapo ndipo nilipopata jina la Kamusi, ambalo hata nyumbani walilichukua. Nilifanya kazi kwa bidii, labda kuliko ilivyotakiwa. Mwanafunzi akisema "aidha twende, aidha tubaki," nilikuwa nimeshasimama nyuma yake na kamba mkononi. Wa "ambayo kwamba" niliwasikia toka darasa la jirani. Nilianza hata kukosoa nje ya geti, ambako sikuwa na mamlaka yoyote, na huko ndiko nilikojifunza kwamba watu wazima wana ulinzi wao.

Kwa mfano mama mmoja pale tunapopokelea mitumbwi, jirani yetu, alikuja kwa mama yangu akasema, "Niazime chumvi." Nikamweleza kwa upole kwamba kinachoazimwa ni kitu kinachorudi chenyewe, kama jembe, chumvi inaliwa, kwa hiyo huombwa au hukopwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Nimekuelewa, baba. Basi niazime mdomo wako nikauvulie dagaa. Jioni nitaurudisha wenyewe."

Kanisani nako, msoma matangazo alikuwa anasimama kila Jumapili kutushukuru "kwa niaba yangu mimi mwenyewe binafsi." Nilimfuata nje ya kanisa nikamuuliza alitumwa na nani kujiwakilisha. Akanijibu kwamba nafsi yake ilikuwa na shughuli nyingine. Mwalimu mkuu, kwa upande wake, aliendelea na suala zima la kila kitu mpaka leo. Huyo, Neema, mwache. Mwalimu mkuu hakosei, hupitiwa tu.

Kesi yangu ngumu kuliko zote aliitwa Ansgari Ndunguru. Alikuwa ametokea Matiri, kule juu kwenye kahawa na mahindi, akaja kuishi kwa shangazi yake aliyeolewa na mvuvi huku kwetu. Ansgari alikuwa anakula "ugari," anasoma "shure," na kila alichokiona kilikuwa "mavitu." Sikuwahi kumsikiliza kwa dakika moja bila kupata kazi. Kibao kilimzoea mpaka wenzake wakadhani ni chake cha kuzaliwa. Na hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alikuwa akiniona kwa mbali anainamisha shingo mapema, anasema, "Lete, Kamusi, leo nimeshasema sana." Wakati mwingine alikuwa anacheka akichota maji. Likizo akapanda zake Matiri, na kumbe huko jioni wakikaa alikuwa anawahadithia wa kwao habari zangu, na anavyojua kunogesha, nadhani nilikuwa nimeshaota pembe.

Sasa nifike kwa dada yangu Tumaini, kwa sababu kibao kimepotelea hapo.

Tumaini ni mkubwa wangu, na hakuna mtu anayenipiga kwa haki kama yeye. Mwaka jana alipata mchumba, Deusi, kijana wa Matiri anayeteremsha mahindi na maharage huku ziwani na kupandisha dagaa. Ukoo ule ule wa Ndunguru. Ansgari ni mdogo wake wa baba mdogo. Nyumbani halikuwa jambo jepesi. Wao Wamatengo, sisi Wanyasa. Wao Wakatoliki, sisi Waanglikana. Baba alikuwa anasema mlimani kuna baridi na watu wake hawatabasamu. Mama alikuwa anasonga ugali wa muhogo kwa nguvu kuliko kawaida. Mwishowe baba akakubali mara moja tu: waje, waseme, tuwasikie. Wakishindwa kujieleza, basi. Tumaini aliposikia hiyo "mara moja tu" alikonda wiki nzima.

Wakaja Jumamosi baada ya Pasaka. Aliyetangulia alikuwa Mzee Ndunguru mwenyewe, babu yao Deusi na Ansgari, ndiye mshenga na ndiye msemaji, mzee mfupi mwenye koti zito ambalo huku kwetu lilikuwa linampika. Nyuma yake wazee wawili, na nyuma yao Ansgari, amebeba jogoo kwapani, ndiye aliyewaonyesha njia. Kwa upande wetu baba alikaa kimya kama inavyotakiwa, msemaji akiwa baba mdogo Festo. Tumaini alikuwa chumba cha ndani na mashangazi. Jikoni mama alikuwa na mbasa wa kukaanga, samaki mnene kama mkono wangu, na ugali umeshafunikwa. Mimi nilikuwa na kazi ya birika na beseni.

"Shikamooni," nikasema, nikaanza kwa Mzee Ndunguru kumnawisha.

"Marahaba." Akanitazama usoni, kisha akamgeukia Ansgari. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, babu."

Mzee akanawa taratibu, akajifuta kwenye koti, akafunga mdomo. Na hakuufungua tena.

Hapa inabidi nieleze, kwa ajili ya nyinyi mliokulia mjini. Kwetu, kwenye posa, mwenye shida ndiye anayefungua maneno. Mwenyeji haulizi. Mwenyeji akiuliza "mmefuata nini" kabla mgeni hajasema, ni kama anamnadi binti yake. Na chakula hakitoki kabla maneno hayajatoka. Kwa hiyo mzee alipokaa kimya, nyumba nzima ilikaa kimya. Baba mdogo Festo akakohoa. Wazee wawili wakakohoa. Jogoo naye akatoa neno moja, Ansgari akambana. Jikoni nilisikia mama akifunua sufuria na kuifunika tena.

Mwishoni mzee mmoja wa kwao alimwinamia baba mdogo, akasema kwa aibu, "Mzee wetu ana wasiwasi. Amesikia nyumba hii ina mtoto anayekamata maneno. Anasema yeye Kiswahili alikiokota njiani, sokoni huko. Hawezi kuja kuposa halafu achekwe na mtoto."

"Atoke basi," baba akasema, akinitazama kwa jicho ambalo najua bei yake. "Kamusi, nenda nje!"

Mzee Ndunguru akatikisa kichwa. Akasema kitu Kimatengo. Ansgari akatafsiri akiwa ameangalia sakafu: "Anasema akienda nje atasikilizia dirishani. Anasema mimi mwenyewe nilisema huyu anasikia toka darasa la jirani."

Kweli nilikuwa nasikia toka darasa la jirani.

Baba akasimama. Si kwa hasira, ila kama mtu aliyeshapata jibu lake. Kwake yeye mambo yalikuwa yameisha: waje, waseme, tuwasikie, na hawajasema. Wazee wa Matiri nao wakaanza kutafuta fimbo zao. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Posa ilikuwa inavunjika kwa adabu kubwa kabisa, na mimi nimeshika birika katikati yao.

Nikavutwa shati kutoka nyuma. Tumaini alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, macho mekundu, na mkononi ana kibao. Kiranja hukaa nacho wikiendi, mnajua, na mimi nilikuwa nakitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu, kwa fahari.

"Kamusi," akaninong'oneza, "haya mambo yakivunjika nitakuchana ukurasa mmoja mmoja." Akanivisha kibao shingoni, akakaza kamba kuliko sheria inavyoruhusu, akanisukuma sebuleni.

Nikatokea mbele ya wazee na NIMETELEZA ULIMI kifuani.

Baba mdogo alidhani nimerukwa na akili. Ila Ansgari alikiona, na uso wote ukamfunguka. Akaanza kumweleza babu yake Kimatengo, haraka haraka, akionyesha shingo yake mwenyewe, akininyooshea kidole mimi, akiziba mdomo kwa kiganja. Jogoo akapata nafasi akakimbilia chini ya meza. Mzee akasikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu anawe, akasema Kiswahili.

"Ati akivaa hicho hasemi?"

"Hasemi, babu. Ndiyo sheria. Mwenye kibao hakosoi mtu."

"Hata nikisema masaa?"

Nikatazama ukuta.

"Hata ukisema masaa, babu."

"Hata nikisema mavitu?" Akanisogelea, akanikodolea. "Mavitu yoteee ya humu ndani?"

Nilihisi ulimi unanyanyuka wenyewe. Nikaubana kwa meno.

Mzee Ndunguru akaketi. Akavua lile koti, akamkabidhi Ansgari, na nikajua tumepona, maana mtu anayeondoka havui koti.

Akafungua maneno. Neema, katika kazi yangu yote sijawahi kusikia kitu kile. Alianza kutushukuru kwa niaba yake yeye mwenyewe binafsi. Akasema wamekuja kwenye suala zima la kuomba jiko, hilo jiko ambalo kwamba Deusi ameliona humu, na aidha tuwape, aidha tuwape. Baba mdogo Festo alipoona upepo ni mzuri naye akajiachia, akajibu kwamba "hichi" kitu kimetufurahisha. Walipeana makosa kama watu wanaopeana ugoro. Kila walipotoa moja mzee alikuwa ananitupia jicho, mimi nikatazama ukuta. Jasho lilinitoka mpaka likakifikia kibao. Ansgari alikuwa amejikunja nyuma ya babu yake, mabega yanacheza.

Kisha baba, ambaye hakutakiwa kusema, akasema. Alisema mtoto wake amezaliwa kwenye maji, na huko kwao hakuna maji, kuna baridi.

Mzee akamgeukia baba, safari hii bila kunitupia jicho mimi.

"Ni kweli," akasema. "Sisi ziwa hatuna. Tuna mlima tu na yale mashimo yetu ya kulimia. Sasa binti akilikumbuka hili ziwa, tutamleta. Hatutamsubiria mpaka alie."

Kuna kosa humo, mwenye masikio amelisikia. Sikulitaja siku ile na silitaji leo. Baba alikaa. Jikoni mama aliacha kufunua na kufunika sufuria, na baada ya muda kidogo tukaona mbasa wanatoka.

Walipokwisha kula, wakaenda kwenye mahari, wakapatana bila kelele. Mwisho mzee akaomba maji, akanawa, nikiwa mimi ndiye nimeshika birika na kibao kinagonga beseni.

"Yenu tumeyakubali yote," akamwambia baba mdogo. "Na mimi nina ombi moja dogo. Naomba hiki."

Alikishika kibao. Na ndiyo, alisema "hiki." Nadhani alikuwa anakijua siku zote.

"Babu, hiki ni cha shule," nikasema.

"Kumbe anaongea!"

"Mpe," akasema baba.

"Lakini baba, ni mali ya..."

"MPE!" Hiyo ilitoka nyuma ya pazia.

Nikakivua, nikampa. Jumatatu nikaenda kwa mwalimu wa Kiswahili na maelezo yaliyonyooka: kibao kimeenda Matiri kwenye posa ya dada yangu. Akaniuliza kama mbasa walikuwa wazuri. Nikasema sana. Akaniambia niendelee na kazi kwa mdomo mtupu. Ndivyo nilivyofanya mpaka Ijumaa iliyopita, na nieleze ukweli, kazi iliyumba. Ukimwambia mtu amekosea na huna kitu cha kumvisha, inakubidi uzungumze naye. Ansgari nilizungumza naye sana. Sasa anasema "ugali" siku ambazo si za joto.

Hilo, Neema, ndilo jibu. Kama utachonga kingine, tafuta ubao wa mtumbwi, hauozi kwa jasho. Kama hutachonga, sitakushangaa. Ila usiniambie nikakidai kile, kwa sababu nilishajaribu.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, harusi imeshapita, kahawa inachumwa. Mama alinituma nimpelekee Tumaini dagaa. Nilipanda mpaka Matiri kwa lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, nikafika nimegeuka rangi ya vumbi. Mzee Ndunguru alikuwa amekaa kibarazani na wenzake wawili, mbele yao kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, kipo kibao. Wamekipatia kazi huko. Ansgari ndiye aliyeniambia: kwenye vikao vya ukoo, anayemkatiza mwenzake kabla hajamaliza anavishwa, na habanduki nacho mpaka kikao kiishe. Deusi ameshakivaa. Katekista ameshakivaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu Kamusi! Pole na barabara. Mmetumia masaa mangapi njiani?"

Wenzake wakaacha kuongea. Ndani, Tumaini aliacha kutwanga. Mzee alinitazama kwa upole wote wa duniani, na mkono wake ukapanda polepole kuelekea kwenye msumari.

"Masaa mengi, babu," nikasema. "Masaa mengi sana."

Mkono ukashuka. Akanisogezea kigoda.